Siku Nilipojaribu Turubai Jepesi kwa Bi Tatu

Wenzangu, leo nimeadhirika. Mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima wa Bunju. Ninapoandika hapa, udongo wa kaburi bado uko kwenye kucha zangu.

(Hakuna aliyekufa. Tulieni.)

Najua barua hii itasomwa kwa sauti hapo gereji kwenu Chang'ombe, na wapo vijana wapya wasionijua. Basi kwa faida yao: mie nilitoka Tabora na sanduku la bati, siku mbili kwenye treni, nimekaa juu ya gunia la karanga za mtu. Lori la watafiti wa misitu likanipokea stesheni na kunipeleka Rufiji moja kwa moja. Sikuiona hata bahari. Nikapika kambini miaka sita pamoja na hao wazee wanaowasomea barua. Utafiti ukaisha, tukashushwa Temeke kama mizigo. Nikakaa Chang'ombe, nikachoka. Nikakaa Mbagala, nikachoka. Nikaenda Bunju kwa wiki mbili tu, kupumzisha miguu, nikapanga chumba kwa Bi Tatu.

Nimekaa miaka minne. Vitumbua vya Bi Tatu vina lawama kubwa hapo.

Sasa nimepata kazi. Siku hizi ruksa, kila mwenye gari moja bovu ana kampuni ya kutembeza wageni, na mmoja wao anataka mpishi wa safari ya miguu kule kule Rufiji kwetu. Siku ishirini porini, bila gari. Sharti ni moja: kila mtu abebe malazi yake mgongoni.

Ndipo ulipoanza ubishi wetu, hema au turubai jepesi. Mkaniandikia kwamba hema ni hema, na mtu anayelala chini ya kitambaa ni mtu aliyefukuzwa na mkewe. Jamani, na mie lile hema letu la kambini nalipenda. Nikifumba macho naisikia harufu yake likilowa mvua, na zile nguzo za chuma zikigongana usiku. Lakini semeni ukweli. Lile hema lilibebwa na watu wawili. Likilowa, watatu, na wa nne wa kulilaani.

Basi mwezi uliopita, kwenye lundo la mitumba Temeke, nikaliona. Nailoni ya kijani, nyembamba kama kanga, kubwa kuliko shuka mbili, vitundu vya chuma pembeni. Maji hayapiti. Ukilikunja linakuwa kama mkate.

"Braza, hilo pazia la Ulaya," muuzaji akaniambia.

Mteja mwingine akasema hapana, ni koti la mvua la gari. Nikawaacha wabishane, nikalichukua. Nilikuwa nalijua. Wale wazungu wa mwisho kambini walikuwa nalo: kamba kati ya miti miwili, kitambaa juu, pembe nne chini, chandarua ndani. Umemaliza.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kulipenda, na hii sikuwaandikia. Mtu mwenye hema akihama, mtaa mzima unajua. Mtu mwenye turubai jepesi anatoka na mkoba mmoja begani kama anakwenda sokoni.

Mie kuaga siwezi. Mtu wa mwisho niliyemuaga vizuri alikuwa mama yangu, na sikumkuta tena. Tangu hapo naondoka tu. Na Bi Tatu ndiye nilimwogopa kuliko wote. Ni mjane, watoto wake wako mbali, na kila jioni ananiuliza, "Hujanihama bado?" Ananiuliza anacheka, lakini anasubiri jibu.

Bahati ikaja. Alhamisi akaenda Mapinga kwa mdogo wake kupumzisha magoti yanayomsumbua, arudi Jumapili. Gari la kampuni linaondoka Mbagala Jumapili alfajiri. Basi mie niondoke leo, Jumamosi, nyumba tupu. Nikamwandikia kikaratasi: "Bibi, nimepata safari. Asante kwa yote."

(Miaka minne, maneno sita. Najua.)

Asubuhi nikasema ngoja nilijaribu turubai kabla sijaondoka. Nikafunga kamba kati ya minazi miwili iliyo mbele ya nyumba, pale pale kando ya barabara. Nikapigilia vigingi. Vikang'oka. Mchanga wa Bunju haushiki kitu. Nikawaza nizifunge zile pembe kwenye kitu kizito. Nikavuka barabara kwa Salumu, fundi seremala.

"Salumu, niazime mabenchi mawili."

"Ya nini asubuhi yote hii?"

"Nafunga turubai pale kwa Bi Tatu."

Salumu akaweka randa chini. Akavua kofia. "Tangu lini?"

"Ndiyo naanza sasa. Nataka nimalize kabla jua halijawa kali."

"Chukua manne," akasema kwa sauti ya chini. Akanisaidia na kuyabeba.

(Nilidhani ni ukarimu wa watu wa pwani.)

Benchi moja kila pembe, kamba zikakaza, turubai likanyooka kama shati lililopigwa pasi. Nikatandika mkeka chini yake, nikajilaza. Upepo unapita, jua halipiti! Nikatamani mngeniona. Kitu pekee, kamba moja ilikuwa fupi. Nikafunga mlango, nikaelekea kituoni kununua nyingine. Njiani nikakutana na Mama Zuhura, jirani yetu, anayejua habari za mtaa kabla wenyewe hatujazijua.

"Mbona mbiombio?"

"Kamba ya turubai imepungua. Nakuja sasa hivi."

Akageuza shingo kuangalia nyumbani kwa Bi Tatu. Akajifunika kanga kichwani. Nikaona ni jua.

Kituoni nikanunua kamba, chumvi ya safari na viberiti. Nikanywa chai. Nikanywa nyingine. Zikapita kama saa mbili.

Sasa hesabuni nilichoacha nyuma yangu. Turubai mbele ya nyumba. Mkeka. Mabenchi manne. Mlango umefungwa. Mwenye nyumba ni mtu mzima, anaumwa, hayupo. Hapa Dar hiyo ni alama ya msiba, nani atauliza zaidi?

Mie ndiye mjinga pekee ambaye hakuyaona.

Niliporudi nikawaona kwa mbali. Wanawake mkekani, kanga vichwani. Wanaume kwenye mabenchi, wametulia. Moto wa mafiga, sufuria kubwa ya wali juu yake. Nikajua: Bi Tatu amefia Mapinga.

Na turubai langu? Nililiona, ndiyo. Nikawaza, afadhali wamelikuta tayari, limewasaidia na jua.

(Someni tena hiyo sentensi. Ndiyo, niliwaza hivyo.)

Salumu alikuwa ameshavaa kanzu. Akanishika bega. "Kaza moyo. Tunasubiri mwili kutoka Mapinga. Vijana wameshatangulia makaburini."

Nikalia. Nililia kwa sauti, nimekumbatia kamba yangu mpya na chumvi. Baadaye nimeambiwa walikuwapo watu watatu hivi walioanza kuulizana habari hii imeletwa na nani. Waliponiona nalia vile, wakaacha kuulizana.

Mzee Kombo, mkubwa wetu wa mtaa, akaniita katikati. "Mwanangu, wewe ndiye uliyeishi naye. Tuambie neno moja, tukiwa tunasubiri."

Laiti ningesema moja.

Nikasimama chini ya turubai langu, mgongo kwa barabara, nikafunguka. Nikasema alinilisha nilipokuwa sina kazi. Nikasema nilipougua malaria alinikanda kwa maji siku tatu na kunitukana siku tatu. Halafu kilio kikanizidi. "Na mie leo nilikuwa namkimbia! Nilikuwa naondoka bila kumuaga! Hata turubai hili nililinunua jepesi ili asijue! Nimemwandikia kikaratasi hiki hapa, maneno sita!"

Nikajua nimewagusa. Mama Zuhura amefunga mdomo kwa mikono miwili. Mzee Kombo anatazama juu ya bega langu.

"Hebu kisome hicho kikaratasi," sauti ikasema nyuma yangu.

Nikakisoma! Miaka minne nikiisikia sauti ile nafanya inachosema. "Bibi, nimepata safari. Asante kwa..."

Hapo ndipo nikageuka.

Bi Tatu alikuwa amesimama kando ya mnazi, macho mekundu, mkoba mkononi. Nyuma yake lori la mchanga, na dereva wake amechungulia dirishani hataki kupitwa.

Sijui nani alianza kupiga kelele. Nadhani ni mie. Wanawake wakakimbia na mkeka. Mabenchi yakapinduka, kamba zikaachia, na turubai lote likamwangukia Mzee Kombo. Na hapa natoa ushahidi kwa ajili ya ubishi wetu: hakuumia hata kidogo. Lingekuwa lile hema la kambini, tungeumaliza mchana na msiba wa kweli.

"Nani kasema nimekufa?" Bi Tatu akauliza.

"Mie nimeambiwa na Salumu," akasema Mama Zuhura.

"Mie?" Salumu akaruka. "Mie nimeombwa mabenchi ya turubai!"

"Na hilo turubai kaleta nani?"

Mtaa mzima ukageuka kuniangalia. Hata dereva wa lori.

"Mie nimeambiwa na muuza mkaa," Bi Tatu akasema. "Kapita Mapinga na baiskeli, ananiambia kwangu kuna turubai na watu wamejaa. Nikajua aliyekufa ni wewe. Nani mwingine yumo mle ndani? Nimekulilia kutoka Mapinga mpaka hapa, dereva kanipa leso yake. Kumbe ninayemlilia ananitoroka!"

"Si kutoroka, Bibi, ni kwamba..."

"Na kitambaa cha kutorokea umenunua!"

Na kama vile hayatoshi, wakatokea vijana watatu na majembe, wamejaa udongo. Wa mbele hakuwa amemwona Bi Tatu vizuri. "Limefika kiunoni," akatangaza. Halafu akamwona. Jembe likamponyoka.

"Limefika kiunoni nini?" Bi Tatu akamuuliza.

"Kaburi."

"La nani?"

"Lako, Bi Tatu. Shikamoo."

"Marahaba. Limenyooka?"

"Limenyooka sana."

Bi Tatu akajipangusa macho kwa leso ya dereva. Nikaona mdomo wake unacheza, anapigana na kicheko. Akatoa hukumu pale pale: wali uendelee kupikwa, vijana wakanawe wale, dereva wa lori ashuke ale, na kaburi alifukie mwenye turubai. Peke yake.

Nimelifukia. Mnajua kaburi linavyokula mchanga? Wapita njia wananipa mkono wa pole. Nikawaambia ni langu mwenyewe, sivyo, la bibi yangu, sivyo, halina mtu. Mmoja akaondoka anaangalia nyuma.

Niliporudi walikuwa wamelipandisha tena turubai. Bi Tatu amekaa chini yake, miguu ameinyoosha mkekani, sahani ya wali mapajani. Akapiga mkeka kwa kiganja nikae. Nikakaa.

"Ndilo utakalolala chini yake huko?"

"Ndiyo, Bibi."

Akalishika pembeni, akalipima kwa vidole. "Hata kanga yangu nzito kuliko hili. Mvua ikija ya ubavuni?"

"Nashusha upande huo mpaka chini."

"Nyoka?"

"Nina chandarua, nimekishonea pindo la turubai gumu chini."

Akatafuna kidogo. "Panakaa upepo mzuri," akakubali. Nikajua nimesamehewa nusu. Halafu akaweka sahani chini. "Haya. Sasa niage."

Nikamuaga. Sikumbuki nilisema nini, ila yalizidi sita. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja, na Bi Tatu kukatiza watu ndiyo kazi yake. Kisha akaniambia, "Ukichoka huko, chumba kipo." Tukaangalia barabara, wote wawili, kama watu wanaosubiri gari.

Mzee Kombo akasema watu wameshakusanyika na mikono ya dua iko tayari, haifai kuirudisha bure. Wakaniombea safari njema. Kisha wakasimama mstari, mmoja mmoja, wakanipa mkono. Mie niliyepanga kutoka kimya na mkoba mmoja! Mtaa mzima ukanisindikiza hadi barabarani, na dereva wa lori la mchanga akanipandisha mbele, kwa sharti nimsimulie upya tangu mwanzo. Salumu alikuwa anabeba mabenchi yake. "Ukitaka kujaribu kitu kingine," akanipigia kelele, "niambie mapema nivae kanzu kabisa!"

Lori likakata kona. Bi Tatu alikuwa bado anapunga ile leso ya dereva. Nimeiona Bunju mara ya mwisho hivyo. Dereva akaniambia leso amemwachia.

Sasa niko Mbagala, jioni, nimeshiba wali wa matanga yasiyo na maiti, nasubiri gari la alfajiri. Mwenyeji wangu kaniuliza kama nitapenda kulifunga turubai hapa uani, alione. Nimekataa. Hapa kuna mama mkwe wake, ana kikohozi.

Basi ubishi wetu tuufunge. Kwa uzito, kwa upepo na kwa kumwangukia Mzee Kombo, turubai jepesi limeshinda. Ila hoja moja nawaachia: hema letu, miaka yote sita, halikuwahi kuchimbiwa kaburi na mtu.

Msicheke. Dereva wa lori keshacheka kwa niaba yenu, kutoka Bunju mpaka Mbagala.