Brashi Saba na Wino Uliokufa

Jumatatu, 19 Februari 2024

Nimepata! Ofisi ya zamani ya shamba la mkonge, upande wa Muheza, inauza makorokoro yake. Nimerudi na kinara cha kutundikia mihuri. Cha chuma, cha duara, kinazunguka. Mihuri ilikuwa ikining'inia shingo juu, uso chini. Nimepima nafasi zake kwa rula: milimita kumi na tano. Nimepima shingo za brashi zangu za kunyolea: milimita kumi na nne! Brashi saba, nafasi nane. Moja ya akiba.

Brashi inayoning'inia nywele chini haiozi shina. Hili Sele halijui. Sele, kinyozi wa ng'ambo ya barabara hapa Nguvumali, ana vioo vyenye taa za rangi, lakini brashi zake zimelala kwenye kikombe cha chai kama wagonjwa.

Mke wangu Mastura kakitazama kinara, kisha kanitazama mimi. Kauliza meneja wa shamba naye analetwa lini.

Jumanne, 20 Februari

Habari kubwa. Rahimu, mdogo wake Mastura, anaoa Ijumaa. Mama mkwe, Bi Tausi, alikuwa keshamtaja Sele amnyoe. Mastura kaingilia kati. Kasema atanyoa mumewe, na akiharibu alaumiwe yeye Mastura, si mwingine. Sikuamini masikio yangu!

Nikifanya vizuri, wanaume wote wa ukoo ule ni wateja wangu. Nimewaorodhesha. Kumi na tisa, bila wenye upara.

Dosari ndogo: brashi zinadondosha maji. Mteja wa kwanza leo kaingia kwa miguu, kafika kitini kwa makalio.

Jumatano, 21 Februari

Ufumbuzi! Kinara kilikuja na kibati cha wino wa mihuri, kile chenye kitambaa ndani. Kimekauka kama chapati ya juzi. Nimekiweka chini ya kinara. Brashi iliyolowa naizungusha mpaka juu yake, ncha zinagusa kitambaa kidogo tu, kama kuku anywavyo. Sakafu kavu!

Mzee Timotheo kapita kunyolewa. Alikuwa karani wa shamba lile lile miaka thelathini. Nilipomwamkia shikamoo hakuitikia, alikuwa kakishika kinara kama mtu aliyemwona ndugu yake aliyepotea. Kisha kakiona kibati. Kaniambia, kijana wangu Sadalla, wino wa ofisi haufi, hulala tu. Nikamkubalia kwa adabu. Lakini yeye ni karani. Mimi ndiye kinyozi.

Alhamisi, 22 Februari

Majaribio: matone arobaini, hata moja halikufika sakafuni. Kitambaa kimekunywa yote. Nimeosha brashi mpya, yenye nywele nyeusi, maalumu kwa Rahimu. Nimeitundika juu ya kibati, ilale hapo hadi asubuhi.

Sele kachungulia mlangoni. Kauliza siku hizi mtu akitaka kunyolewa kwangu aandike barua ya maombi, na picha za pasipoti alete ngapi. Wateja wangu mwenyewe wakacheka! Kesho tutaona.

Ijumaa, 23 Februari

Sikutaka kuandika leo. Naandika hivyo hivyo.

Saa mbili asubuhi nilikuwa uani kwa Bi Tausi, chini ya turubai la bluu. Rahimu kitini. Shangazi zake wametandaza shuka jeupe mapajani mwake, unywele usije ukaanguka mikononi mwa wabaya. Wanaimba. Nikapiga povu. Povu tele! Nikapaka, nikanyoa mashavu, nikachonga ndevu za kidevuni. Chini ya turubai lile kila kitu kilikuwa cha bluu, hata mimi, hata sinia la pilau. Sikushuku lolote.

Bi Tausi akataka kumwona mwanawe juani.

Zambarau!

Kama mtoto aliyeshinda juu ya mzambarau. Mashavu, kidevu, sikio moja. Na shuka! Shangazi mmoja akakaa chini bila kutafuta kiti. Bi Tausi akaniuliza, taratibu sana, nimempaka mwanawe nini. Nikasema povu. Ni kweli, lilikuwa povu. Mastura alikuwa kasimama nyuma ya mama yake. Akaanza kulikunja shuka, madoa kwa ndani.

Ndoa baada ya swala ya Ijumaa!

Mzee Timotheo, aliyealikwa, akaninong'oneza kwamba wino umeamka. Akaagiza ndimu na chumvi. Ndivyo alivyosafisha vidole vyake miaka yote ile. Hakuna aliyekumbuka kwamba vidole vyake havikuwa vimetoka kunyolewa. Rahimu akapiga ukelele. Wanawake wa jikoni wakadhani bwana harusi kaiva, wakajibu kwa vigelegele. Akapiga wa pili. Wakajibu tena, kwa nguvu zaidi.

Kaozeshwa akiwa na rangi ya waridi.

Jumapili, 25 Februari

Bibi harusi, Samiha, kawaambia wenzake kwamba waume wa watu huja mikono mitupu, wa kwake kaja keshagongwa muhuri. Mtaa mzima unacheka. Bi Tausi hacheki. Wanaume kumi na tisa wameelekezwa kwa Sele.

Sele kabandika tangazo: HAPA HATUTUMII WINO. Kwa herufi za taa!

Mastura hasemi nami. Chakula naletewa, salamu siletewi.

Jumanne, 27 Februari

Kasema! Kasema mengi. Kwamba kwao sasa akiingia wanamwonesha chupa ya wino. Kwamba kaniombea nafasi ya mwisho kwa baba yake, Mzee Ibrahimu, mtu wa huruma. Atakuja Ijumaa saa tatu ninyoe kichwa na ndevu, ajitayarishe na Ramadhani. Akitoka salama, ukoo utarudi. Asipotoka salama, Mastura anarudi kwao.

Sharti: vifaa vya ofisi vitoke vyote leo. Nimekubali kwa kiapo. Kinara nimempelekea Mzee Timotheo. Kakitundikia miko yake ya jikoni, na anakizungusha akitafuta upawa.

Jumatano, 28 Februari

Nimejirekebisha kabisa. Hakuna kifaa cha ofisi dukani. Nimepita tu Muheza kutazama, na nimerudi na chupa mbili za kioo, mdomo mpana, zinameta. Chupa si kifaa cha ofisi. Ni chupa. Brashi inasimama ndani wima, nimepima, imebaki milimita moja kila upande.

Humo makarani walikuwa wakiweka gundi ya bahasha. Imebaki kidogo chini, kavu, ngumu kama sukari guru. Nimeigonga kwa kucha. Imekufa.

Nimetia maji vidole viwili, brashi ya baba mkwe ilainike hadi Ijumaa.