Hotuba ya Kufungua Jengo la Akili na Ajira

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo. Mheshimiwa Makamu wake, anayemwakilisha Mwenyekiti ingawa Mwenyekiti mwenyewe yupo. Waheshimiwa wahadhiri wa masomo ya kufikiri, mliokaa kushoto. Waheshimiwa wahadhiri wa masomo ya kazi, mliokaa kulia ili msishikane mashati. Wazazi, mlinzi wa geti, mama wa kantini, wanafunzi mliopata viti na mliosimama juani. Na wewe, mwandishi wa kumbukumbu za kamati, ambaye tangu Jumamosi iliyopita ni mke wangu wa ndoa, uliyekaa mstari wa mbele na daftari lako na macho yako, itifaki imezingatiwa. (Vigelegele. Mke wa mheshimiwa anainamia daftari.)

Kwa miaka minne chuo chetu kimesumbuliwa na swali mtambuka: je, chuo kikuu kikuze akili ya kijana, au kimwandae kwa kazi? Mimi, kama Mkurugenzi wa Mipango, Maono na Utekelezaji Unganishi, nilikataa kuegemea upande, nikabuni jengo moja lenye vyumba viwili: Chumba cha Akili, ambamo mwanafunzi atakaa kimya na kufikiri, na Chumba cha Ajira, ambamo atajifunza kufunga tai, kujibu simu, na kutabasamu mbele ya watu wanaomuuliza anajiona wapi baada ya miaka mitano. (Makofi kutoka kulia.) Upembuzi yakinifu nilioufanya mwenyewe unaonyesha kwamba mhitimu wa vyumba vyote viwili ataajirika kwa asilimia tisini na nane, na kwa asilimia mbili zilizobaki atajua kwa nini. (Makofi kutoka kushoto. Yanasita.) Ndiyo maana niliagiza mwanafunzi yeyote asipewe cheti mpaka kadi yake igongwe muhuri katika kila chumba.

(Fundi cherehani, mzazi, anasimama: "Samahani, mheshimiwa. Binti yangu huyu kamaliza masomo tangu mwaka juzi. Kuna shule imemwekea nafasi ya kufundisha, mwisho wa kupeleka cheti ni leo saa kumi. Huo muhuri anagongewa wapi?")

Swali zuri sana, mama, na nitalijibu kwa mapana yake nikishalizunguka. Kamati yangu ilikaa vikao thelathini na saba kuamua mlango wa jengo ufungukie chumba kipi kwanza. Nilipopendekeza milango miwili, tukaunda kamati ndogo ya mlango wa pili. Ndipo katika kikao cha ishirini na mbili dada aliyekuwa akiandika kumbukumbu akainua uso, akaniuliza kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia nikinawa uso, "Mheshimiwa, mlango niweke mmoja, au nisubiri?" Ndugu zangu, moyo wangu ukafikiri na kufanya kazi kwa wakati mmoja. (Vigelegele. Sauti: "Sema, baba!") Vile vikao kumi na vitano vilivyofuata niliviongeza kwa sababu za kitaalamu. (Kicheko kirefu. Mke: "Hilo sikuliandika.")

Sasa nakata utepe huu, ambao mlinzi wa geti ameushika upande huu na mama wa kantini upande ule, kwa kuwa nguzo ziko katika hatua ya mchakato. (Mwashi: "Bosi, mimi bado nangoja kuambiwa mlango unakaa wapi ndipo nichimbe msingi." Fundi cherehani: "Saa nane na nusu hiyo, mheshimiwa.")

Nimepokea kikaratasi kutoka mstari wa mbele. Kinasema: "Mpenzi, muhuri uko mfuko wa ndani wa koti, niliuona nikilipiga pasi. Mgongee mtoto wa watu, aende." (Mheshimiwa anapapasa koti, anautoa muhuri.)

Kwa mamlaka niliyonayo, na kwa mapenzi niliyonayo, natamka kwamba aliposimama mlinzi ni Chumba cha Akili, na aliposimama mama wa kantini ni Chumba cha Ajira. Pita, binti. (Binti anapita kwa mlinzi, anagongewa. Anapita kwa mama wa kantini, anagongewa.) Umejifunza nini kwenye Akili? ("Kwamba hakuna chumba, mheshimiwa.") Na kwenye Ajira? ("Kutokusema hivyo, mheshimiwa.")

(Kushoto na kulia wanapiga makofi pamoja kwa mara ya kwanza. Fundi cherehani amemshika binti mkono. Wanakimbia kuelekea ofisi ya vyeti.)

Asilimia mia moja! Wengine pangeni foleni, wino upo. Akili juu! (Juu zaidi!) Ajira juu! (Juu zaidi!) Ndoa? (Juu kabisa!)

Namshukuru mwashi kwa subira yake. Namshukuru mwalimu wa michezo aliyetuachia uwanja wake. Vijana, mkimaliza kutoa viti rudisheni magoli, mechi inaanza saa kumi na moja. Na wewe, mke wangu, uliye jambo pekee ambalo kamati hii imelikamilisha, andika kwamba jengo limefunguliwa rasmi.

(Mke: "Mlango niweke mmoja, au nisubiri?")

Subiri, mpenzi. Mimi na wewe bado tuna vikao.