Kifungu cha 412 na Madonge ya Alhamisi

Jumamosi, 2 Septemba

Siku tisa kabla ya uchaguzi. Rangi ya bango imekauka. Nimelitundika mwenyewe mbele ya duka la kijijini kwetu, Sandvåg: CHAMA CHA MIFUKO YETU. TUNAFUTA KODI YA MAJENGO! HANDAKI BILA USHURU! BWAWA LA KUOGELEA LA MAJI MOTO! Limependeza kweli. Jostein, jirani yangu na mweka hazina wa chama, kalisoma akakuna kichwa. Akauliza hela za bwawa zitatoka wapi kama kodi tumeshaifuta. Nikamwambia asianze uchawi wake. Akasema anauliza tu. Hata mimi huwa najiuliza, ila sijiulizi kwa sauti.

Orodha yetu ina wagombea saba, maana sheria inataka saba: mimi, Jostein na shemeji zake watano. Kiti kimoja cha udiwani kinanitosha. Nina miaka hamsini na sita na sijawahi kushinda chochote, hata bahati nasibu ya kwaya. Safari hii lazima.

Jumatatu, 4 Septemba

Mwandishi wa gazeti kapiga simu. Naye hela zitatoka wapi! Wameambizana? Nikamjibu tutakata ubadhirifu. Akauliza upi. Nikasema nitautaja Ijumaa kwenye mdahalo, mbele ya umma. Akashukuru. Nikakata simu nikaanza kutokwa jasho.

Nimechukua kitabu cha bajeti ya halmashauri. Kurasa 164. Nimefika ya kumi na moja. Kila hela inayoingia inatoka tena, na kila inayotoka ina jina. Nilidhani ubadhirifu ungekuwa na ukurasa wake. Sielewi kitu.

Mpango wa pili: kumchafua meya. Meya wetu ni Oddny Tveiterås, aliyenifundisha hesabu darasa la saba na hajanisamehe mpaka leo. Nchini kwetu kodi aliyolipa kila mtu iko wazi kwenye tovuti ya serikali, si siri. Nikaandika jina lake. Amelipa nyingi. Nyingi mno! Nikamtafuta tena, huenda namba zitashuka. Hazikushuka. Nikajaribu tena na tena, hamna.

Jumanne, 5 Septemba

Balaa! Meya kanikuta dukani kwenye jokofu la samaki. Kwa sauti, watu wote wanasikia: "Eilif, jana umenitafuta mara kumi na moja. Si ungeniuliza tu, mwanangu?" Nilisahau kabisa! Ukimtafuta mtu, tovuti inampa jina lako. Nikajibu, "Samahani, Mwalimu." Mwalimu! Mgombea mzima! Nimerudi nyumbani bila samaki.

Lakini ngoja. Nikasema na mimi nichungulie nani kanitafuta mimi. Watu mia mbili na kumi na wanne! Majina yao haya hapa. Kiti kinahitaji kura mia na themanini hivi. Kwa nini umtafute mgombea kama humpendi? Jostein akasema labda wanataka kujua huyu anayelalamikia kodi analipa kiasi gani. Nikamuuliza, haya, nalipa kiasi gani? Akasema sifuri. Nikamkumbusha ile biashara yangu ya sabuni ya mwani ilivyonitia hasara miaka mitatu mfululizo, na hasara ni halali kisheria. Akasema hajakataa. Huyu Jostein ana roho mbaya siku hizi.

Jumatano, 6 Septemba

Tumechoma soseji mbele ya duka. Kila mpita njia nimemwangalia kwenye orodha yangu ya 214. Aliyemo nimempa soseji mbili na kumkonyeza. Asiyemo, moja bila kukonyezwa. Mzee Gaute kala mbili, kashukuru, kisha kaniuliza kwa upole kabisa bwawa litapashwa moto na nini. Nikasema na dhamira. Akajipangusa mdomo, akaondoka.

Alhamisi, 7 Septemba

Siku ya madonge. Kila Alhamisi makao ya wazee yanapika madonge ya viazi na nyama ya kondoo ya chumvi, na kila Alhamisi nakula na mama yangu, Borghild, miaka themanini na minane, masikio mazima kuliko yangu. Nimekula sahani mbili. Ragnhild mpishi kanipakulia mwenyewe.

Mama akauliza kodi ikifutwa Ragnhild atalipwa na nani. Nikamwambia, mama, hayo ni mambo ya bajeti. Akasema ndiyo maana anauliza. Nikamwambia tutakata ubadhirifu. Akaniangalia, akaomba apewe kishikwambi chake. Mchana maofisa wa uchaguzi wakaleta sanduku la kura, wazee wapige kura zao mapema hapohapo. Mama alipokuwa anaingia nikamkonyeza. Hakujibu. Nadhani macho yamechoka.

Baadaye, nyumbani: NIMEUPATA! Ukurasa wa 97. Kifungu cha 412: "Huduma za mlo, wakazi na wageni." Krona milioni mbili na laki nane! Maelezo hakuna. Wageni! Wageni gani? Ni karamu za meya hizo, mia kwa mia. Kesho ataumbuka.

Ijumaa, 8 Septemba

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Ukumbi wa shule ulijaa. Mama alikuwa mstari wa mbele kwenye kiti chake cha magurudumu, Ragnhild kamsukuma mwenyewe. Nilianza vizuri. Nikasema kodi ya majengo imenivunja mgongo, kila bili ikija silali. Makofi mawili matatu. Nikafungua ukurasa wa 97, nikanguruma: Kifungu cha 412! Nani hao wageni wanaotafuna jasho la walipa kodi? Chama changu kitakifuta siku ya kwanza!

Meya akavuta kipaza sauti taratibu. "Eilif, hilo ni jiko la makao ya wazee. Na mgeni ni wewe. Jana umekula sahani mbili."

Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Ragnhild hakucheka. Alikuwa anafuta macho kwa mkono wa sweta. Nilitaka kumtuliza, nikasema wazee wataletewa chakula cha kugandishwa kutoka mjini, bei poa. Sijui kwa nini nilisema. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Kisha mama akanyoosha mkono. Akasema nyumba ninayoishi ni yake. Bili ya kodi ya majengo inakwenda kwake, analipa yeye kila mwaka, na mimi hiyo bili sijawahi hata kuiona. "Na nataka niendelee kulipa," akasema. "Ndiyo inayonipikia. Nimeangalia na kodi yako, Eilif. Mimi na pensheni yangu hii nimekuzidi. Nimeona aibu, mwanangu."

Wala hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Nikajibu kwamba suala hilo liko mbele ya kamati ya chama. Chama hakina kamati.

Jumapili, 10 Septemba

Nimekwenda kumwomba mama msamaha. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nikishinda nitalinusuru jiko lake. Akauliza nitalinusuru kutoka kwa nani. Nimeliwaza swali hilo njia nzima ya kurudi na bado silielewi.

Jumanne, 12 Septemba

Matokeo. Chama cha Mifuko Yetu: kura nne.

Nne! Orodha ina watu saba! Nimempigia Jostein, kasema kura ni siri. Nimewapigia shemeji zake mmoja mmoja. Siri, siri, siri. Na wale 214 je? Soseji zangu je? Nimejumlisha, nimetoa, nimegawanya kwa siku za wiki. Haiji. Nusura nimwombe Mwalimu anisaidie, ila kashinda tena na ana shughuli nyingi.

Alhamisi, 14 Septemba

Nilikwenda kwenye madonge kwa woga. Ragnhild akanipakulia donge moja, moja tu, akaweka bili kando ya sahani: mgeni, krona mia na thelathini. Nikamwambia kuna makosa, mimi hula bure. Mama akasema, "Hujawahi kula bure, nimekuwa nakulipia mimi tangu nihamie hapa." Miaka minne, kila Alhamisi! Sikujua. Nikamshika mkono, nikamwambia, mama, nimekukosea. Akasema anajua. Akanimegea nusu ya donge lake, akanisogezea na siagi. Nililipa ile bili mwenyewe, mara ya kwanza. Mama akatabasamu. Ragnhild naye kidogo.

Nimetembea hadi nyumbani nikiwaza. Krona mia na thelathini kwa mlo mmoja! Mwananchi wa kawaida ataweza wapi? Huu ni uonevu, na hakuna chama kinachousemea.

Nimeingia kwenye tovuti. Walionitafuta sasa wamefika mia sita na kumi na mmoja! Umaarufu unapanda! Nikamwita Jostein upesi, nikamwonyesha bango jipya, rangi bado mbichi: MADONGE BURE KWA WOTE, KILA ALHAMISI! Akakuna kichwa. Akauliza hela zitatoka wapi.

Safari hii nilikuwa na jibu. Nikamfungulia kitabu, ukurasa wa 97, nikamwekea kidole palepale. Kifungu cha 412.