Hotuba ya Mkwe Mwenye Moyo

Jumatatu, 3 Machi 2025. Malaba.
Trizah bado yuko kwao Funyula. Anasema tangu tuoane hajasikia neno la moyoni kutoka kwangu. Eti kuishi nami ni kuishi na nguzo ya stima. Nguzo! Mimi ninayewauzia chai madereva wa malori kwenye foleni kwa lugha zote!
Jumamosi kuna ibada ya shukrani kwao. Mama mkwe amepona mguu. Wakwe wote tutazungumza. Obuya, aliyemwoa dada ya Trizah, huwaliza watu hadi wapishi. Mimi nikisimama, watu huuliza chakula kimefika wapi. Safari hii nitawaliza mimi, na Trizah atarudi nyumbani.

Jumanne, 4 Machi.
Nimeiambia akili bandia ya kwenye simu iniandikie hotuba. Iliniuliza kama nina kumbukumbu zozote na mama mkwe. Nikajibu itunge yenyewe. Imemaliza kabla chai haijachemka. Maskini Obuya.

Alhamisi, 6 Machi.
Mazoezi. Nimemsomea dereva wa kutoka Mbarara, akatokwa na machozi. Kiswahili hajui. Hiyo ni hotuba nzito.
Trizah amepiga simu kuuliza kama nitasema maneno yangu mwenyewe. Yangu kabisa, nikamwambia.

Jumamosi, 8 Machi.
Balaa!
Nilianza vizuri. Kisha nikasoma kwamba sitasahau asubuhi nilizoketi na mama jikoni kwake, tukila sahani moja, akinikumbatia.
Mbele ya Wasamia, ambao kwao mkwe hamgusi mama mkwe, hali naye wala halali naye chumba kimoja! Mimi, ambaye sijawahi hata kumpa mama mkono! Mimi ambaye nikimwona njiani naingia kwenye mahindi!
Mama alijifunika leso usoni akatoka mbio. Mguu umepona kweli. Baba mkwe, Mzee Egesa, akauliza kwa upole ni jiko gani hilo. Obuya alikuwa akikohoa kwenye leso yake. Wazee wanataka kondoo wa kutakasa boma.
Nililoa jasho hadi soksi. Simu haikuona haya hata kidogo.

Jumapili, 9 Machi.
Nimepeleka kondoo. Trizah alinikuta nyuma ya ghala, nimejificha. Akasema jana, nikilowa jasho vile, ndipo alipoona kwa mara ya kwanza kuwa ameolewa na mtu. Simu haiwezi kuaibika, akasema. Akataka nimwandikie mstari mmoja tu, wangu, hata uwe mbovu, naye atarudi. Nampenda mwanamke huyu!

Jumanne, 11 Machi.
Nimeandika “Trizah”. Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta. Chai ikaungua.
Kwamba nampenda nimeshaandika hapo juu. Inatosha. Kwa hiyo nimeiomba simu mstari wa mume mwenye haya. Imetoa kitu kitamu, nimelia mwenyewe. Hata mama haikumsahau: imemkaribisha aje na Trizah, tulale wote pamoja katika chumba chetu kimoja kama familia.
Nimetuma. Nafagia chumba sasa.