Matundu ya Buluu

Jumatatu, 9 Septemba

Saa thelathini na moja! Hiyo ndiyo hesabu niliyopewa na kompyuta asubuhi nilipoiambia inakili rekodi zote za kwaya, zenye nyimbo za Bibi Rayna, kwenye diski ya nje. Nimekwenda kunywa kahawa, nimerudi, inasema thelathini na nne. Sijawahi kuona kazi inayorudi nyuma huku inafanyika.

Na Jumamosi ndiyo sikukuu yenyewe. Bibi Rayna anatimiza miaka themanini. Ndiye aliyekuwa sauti ya kwaya yetu hapa mjini Svishtov mpaka mwisho wa 2017, madaktari walipompasua koo. Tangu hapo hasemi, anaandika kwenye kidaftari. Nyimbo zake zote, kuanzia 2005, nilizirekodi mimi, Evstati, na ziko mahali pamoja tu duniani: ndani ya kompyuta yangu ya mezani. Nimeahidi mbele ya kwaya nzima kumkabidhi zote siku hiyo. Nilipigiwa makofi. Niliinuka mara mbili kuyapokea.

Sijamwambia mtu kwamba diski ya ndani imeanza kulia tik, tik, tik; sidhani itavumilia saa zote hizo.

Panayot, kaka wa mke wangu, anakaa ghorofa ya nne, sisi ya pili. Amepita mlangoni kusema nimpelekee hiyo diski yenye nyimbo, atainakili kwenye kompyuta yake mpya kwa nusu saa. Asante sana! Mwaka juzi nilimwazima video ya sikukuu ya zabibu, ikarudi ina jina lake mwanzoni, katikati na mwishoni. Nimemjibu kwamba mashine yangu ni nzima kabisa, kasoro matundu. Matundu yake ya USB ni yale meusi ya zamani. Nitaiwekea ya buluu, yenye kasi mara nyingi zaidi. Kwa siri.

Tsvetana, mke wangu, ameniuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nimesema ni hali ya hewa.

Jumanne, 10 Septemba

Nimenunua kadi yenye matundu manne ya buluu. Msichana wa dukani, Ivayla, aliniuliza kama mashine yangu ni nene au nyembamba. Nikamwambia nimekuja kununua kadi, sikuja kupimwa uzito. Akacheka kwa adabu, akanifungia kadi ya kawaida.

Mashine yangu ni nyembamba.

Kadi imeingia vizuri, lakini lile bati lake la kufungia skrubu linazidi kimo cha kasha kwa vidole viwili. Mtu mwingine angerudi dukani akafedheheke. Mimi nimechukua msumeno wa chuma. Dakika arobaini kwenye meza ya jikoni. Tsvetana akataka kujua unga wa chuma unafanya nini juu ya jibini yake. Nikasema ni kwa muda tu.

Bati limekatika. Sasa kadi haina cha kuishika, inayumba kama mlevi aliyeegemea nguzo. Nimeibana kwa vibanio viwili vya nguo. Ubunifu huo!

Kasha bado halifungi. Vibanio vinazuia.

Jumatano, 11 Septemba

Kumbe kadi inataka umeme wake yenyewe! Nani amewahi kusikia tundu linalokula? Ndani ya mashine hakuna waya wa ziada hata mmoja. Nimechomoa ule wa kisomea CD, nikaupa kadi. Taa ya kijani ikawaka. Nilipiga kelele ya furaha mpaka paka wa jirani akaruka kutoka kibarazani.

Kisha kompyuta ikasema haikitambui kifaa hiki. Inataka programu yake. Programu iko kwenye CD.

Nilisimama na CD mkononi, nakitazama kisomea CD ambacho nimetoka kukinyima umeme dakika tano zilizopita. Nikaketi sakafuni.

Nimekirudishia kisomea waya wake. CD ikazunguka vizuri, ikatafuta kadi, ikasema hakuna kadi. Nikaipa kadi waya. Hakuna CD. Nimefanya hivi mara sita, ya sita kwa machozi.

Mwishowe nimepanda kwa Panayot kwa ujanja mkubwa. Nikamwuliza kwamba, ikitokea rafiki yangu mmoja amekwama hivi na hivi, angefanya nini? Akasema anakili programu kutoka CD aihifadhi kwenye mashine kwanza, ndipo ahamishe waya. Basi! Maneno kumi! Nikamshukuru kwa niaba ya rafiki.

“Msalimie rafiki yako,” akasema. “Mwambie ana unga wa chuma kwenye masharubu.”

Alhamisi, 12 Septemba

INAFANYA KAZI.

Naandika kwa herufi kubwa ili vizazi vione. Nimechomeka diski ya nje kwenye tundu la buluu. Dakika hamsini! Si saa, dakika! Miaka ikawa inapita mbele ya macho yangu, 2005, 2006, 2007, mmoja baada ya mwingine kama mabehewa. Nimevuta kiti, nimejimiminia rakiya kidogo, pombe yetu kali ya matunda, nimetafuta maneno ya kumwambia Panayot. Yawe ya unyenyekevu, lakini yachome.

Asilimia sitini na mbili, giza.

Jikoni Tsvetana alikuwa amewasha majiko mawili ya umeme ya kuchomea pilipili hoho, lake na la dada yake, kwa sababu ni Septemba na makreti sita ya kusindika kwa ajili ya majira ya baridi yanamsubiri. Pilipili mbili ndani, fyuzi chini. Nikapiga kelele kwamba ameua historia ya muziki. Akasema msimu wa baridi hauli muziki, na mbona sikumwambia kwamba kuna kazi ya maana inaendelea?

Kwa sababu ilikuwa siri!

Umeme umerudi. Mashine imewaka. Diski ya ndani haisemi tik tena. Imekwaruza kama kisu kwenye sahani, ikanyamaza. Kwenye kioo kumeandikwa hakuna diski.

Sijala.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimepata mpango. Nyimbo si zimepotea? Basi zirekodiwe upya! Bibi Stamena ameimba karibu na Rayna miaka thelathini, anayajua maneno yote. Nitaongeza mikwaruzo kidogo isikike ya kale. Nimemwita jikoni saa nne, nikamwapisha asimwambie mtu.

Bibi Stamena ana moyo mzuri. Sauti yake ni ya mlango wa ghala. Tulikuwa kwenye ubeti wa pili mlango ulipofunguliwa, akaingia Bibi Rayna mwenyewe na fimbo yake. Stamena alikuwa amemwambia njiani. Anasema aliapa kutomwambia mtu baki, na Rayna si mtu baki.

Rayna akasikiliza ubeti mzima. Akaandika, akanigeuzia kidaftari: “Nani anamchinja huyu mbuzi?”

Nilicheka peke yangu. Akaandika tena: “Nyimbo zangu ziko wapi?”

Nikaanza kueleza mambo ya umeme. Akapiga mstari chini ya swali. Nikaeleza mambo ya fyuzi. Akapiga mstari wa pili, karatasi ikachanika. Ndipo nikasema kweli yote, na tik tik, na vibanio, na Panayot niliyemkatalia.

Akaketi. Tsvetana akazima jiko. Kisha kalamu ikatembea polepole: “Hata ule niliomwimbia Gancho?”

Gancho ni marehemu mumewe. Aliuimba kwenye kumbukumbu yake ya mwaka mmoja, 2014, bila ala, na mimi ndiye niliyeshika kamera. Nikasema hata huo. Nilitamani ningekuwa popote pengine, hata kwenye mizani ya kliniki ya lishe.

Tsvetana ndiye aliyeuliza. Je, kile kisanduku cha nje kilichokuwa kinapokea, nimekiangalia? Nikamweleza kwa upole kwamba kazi ikikatwa katikati imekufa, hayo ni mambo ya kitaalamu.

“We Evstati,” akasema, “nikijaza mitungi sita halafu mtu anite mlangoni, ile minne iliyokwisha kujaa inamwagika?”

Akaing’oa diski ya nje, akiwa na aproni yake na mikono myekundu ya pilipili, akapanda ghorofa ya nne. Sote nyuma yake, Bibi Rayna akiwa wa mwisho na fimbo. Panayot hakusema neno la dhihaka, jambo lililoniumiza zaidi. Akachomeka.

2005 ipo. 2006 ipo. Yote ipo mpaka 2017! Bibi Rayna akaubonyeza wimbo wa Gancho kwa kidole chake mwenyewe, sauti yake ikajaa chumba, pana, changa, haina haraka. Aliufuatisha kwa midomo. Stamena akalia kwa nguvu mno, ikabidi tuanze upya.

Panayot akashuka chini ya orodha, akapanda, akashuka tena. Akauliza 2018 na kuendelea ziko wapi. Hiyo ndiyo miaka ambayo yeye ni mshereheshaji wa kwaya. Hotuba zake zote.

Nikasema teknolojia ina mambo yake.

Akataka tunakili papo hapo kwenye kompyuta yake. Nusu saa tu, akasema, shemeji, nakuomba. Nikachomoa, nikaiweka mfukoni.

Jumamosi, 14 Septemba

Ukumbi ulijaa. Banitsa tatu, zile pai zetu za jibini, keki moja. Wimbo wa Gancho ulipoanza, hata wacheza karata wa nyuma waliweka karata chini. Bibi Rayna alikaa mbele, wima, mikono juu ya fimbo. Mwishoni alinibusu shavuni, akanirudishia diski na karatasi: “Nakala mbili. Moja ya mjukuu wangu aliyeko Varna. Kesho. KWA PANAYOT.” Mistari mitatu chini.

Jumapili, 15 Septemba

Nimetafakari kwa utulivu. Kama ningetumia matundu meusi, mpaka umeme unakatika ningekuwa sijamaliza hata 2005. Nani basi aliyeziokoa nyimbo? Matundu ya buluu. Nani aliyeyaweka? Kosa lilikuwa moja tu: hayakuwa na kasi ya kutosha. Yangekuwa na kasi mara mbili, tungemaliza kabla ya pilipili ya kwanza.

Ivayla aliwahi kutaja kwamba zipo kadi mpya za namna hiyo. Ana moja nyembamba aliyoniwekea. Duka linafunguliwa kesho, lakini nafasi ya kadi naitayarisha leo.

Panayot amepiga simu mara tatu kuuliza naleta diski saa ngapi. Nimesema naumwa mgongo. Nakala mbili za Bibi Rayna nitazitoa mwenyewe. Jana alikuwa ameniletea diski ya ndani ya akiba, yenye mfumo tayari, nami nimeifunga mwenyewe. Skrubu tatu kati ya nne. Ya nne imedondokea humo ndani. Nimeitikisa mashine, inalia kama kayamba, haitoki. Bila shaka imejikalia pembeni, mbali na umeme.

Diski ya nje, yenye nakala pekee, nimeshaichomeka, nisipoteze muda. Baada ya chakula naiwasha mashine.