Mashine Isiyo na Waya Imenichukulia Mke

Kikula, Likasi
Oktoba 1990

Kwa Mhariri wa gazeti la parokia yetu

Ndugu Mhariri,

Nakuita Ndugu kwa kuwa lile "Mwananchi" tulilolazimishwa kuitana limeondolewa mwaka huu, na "Bwana", ingawa tumeruhusiwa kulirudia pamoja na tai, bado linanikwaruza koo. Kama unapenda jina jingine nijulishe, nami nitalitumia katika malalamiko yatakayofuata.

Mimi ni Stanislas Kapajika, mstaafu wa Kampuni ya madini, idara ya bohari, baba wa watoto ambao wote wameshaoa na kuolewa, na mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya ya misa ya pili. Nilipostaafu nilirudisha nyumba ya Kampuni, nikajijengea yangu hapa Kikula. Katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kutoboa ukuta. Ukikaa katika nyumba ya Kampuni hutoboi kitu. Unaandika ombi, unangoja, na siku moja anakuja mtu mwenye ngazi. Sasa nina ukuta wangu mwenyewe na sina wa kumwandikia, ndiyo maana gazeti lako lilinikuta nikiwa dhaifu.

Katika toleo la Pasaka, ukurasa wa "Mikono ya Baba", Frère Nicolas aliandika namna ya kuchagua mashine za mkono zisizo na waya, za bei nafuu, kwa kazi ndogo za nyumbani. Alisema tusidanganywe na rangi. Tuipime mashine mkononi kama haichoshi, tuulize nguvu ya betri yake, na tusinunue ya mafundi wakubwa ikiwa tunataka kutundika rafu ya sahani tu. Alimalizia kwa maneno ambayo sasa naweza kuyaimba: "Kwa ndugu wa Kikula, ambako umeme haujafika mitaa yote, mashine isiyo na waya ndiyo jibu." Niliamini. Nilimwendea mfanyabiashara mmoja anayeleta vitu kutoka Zambia, nikachagua mashine ya kutoboa, ya kijani, nyepesi, ya bei nafuu. Makala niliifuata neno kwa neno. Kwa hiyo, kwa heshima yote ninayowiwa kwako, nakuomba unirudishie mke wangu.

Sababu zangu nimezipanga kwa namba, kama tulivyozoea bohari.

1. Kwanza, nyumba yangu haina kazi ndogo. Frère Nicolas anaandika juu ya kuta kana kwamba zote zimetengenezwa na kiwanda kimoja. Matofali yangu ni ya udongo wa kichuguu, yamechomwa na mimi mwenyewe na shemeji zangu, na mchwa walioukanda udongo ule hawakufanya mchezo. Mashine ilitoboa tundu moja vizuri sana. Ilipofika katikati ya tundu la pili ilianza kunung'unika, ikapunguza sauti, ikazima. Hadi leo juu ya meza yangu pana tundu moja na nusu. Wageni wanauliza lile nusu ni la nini, nami huwajibu kwamba ni la akiba.

2. Pili, ukosefu wa waya umeiharibu tabia yake. Chombo chenye waya kinajua kwao. Jirani akikiomba, unamwonyesha waya ulipoishia, mnacheka, anaondoka. Chombo hiki changu hakina kikomo. Siku ya kwanza tu jirani yangu Damas, fundi cherehani, aliigeuzageuza mkononi akaniuliza: "Stani, iko na waya? Hapana? Bon, basi inaweza tembeya." Na ikatembea. Ilikwenda kwake kutoboa mikanda. Kutoka hapo ilikwenda sokoni kwa Mama Angèle anayeuza mikate ya mafuta, ambaye aliifunga mwiko mdomoni ikamkorogea unga, na nasikia mikate ya siku ile ilisifiwa. Kisha kaka yake Damas aliichukua hadi ziwa Tshangalele kurekebisha mtumbwi. Kazi ilikuwa kutoboa mbao za pembeni ili zifungwe kamba. Mashine haikuishia pembeni. Mtumbwi ule sasa unafugiwa kuku.

Mimi mwenye mashine, wakati wote huo, nilikuwa nimekaa nyumbani na tundu langu moja na nusu.

3. Tatu, na hapa naomba uniandikie kwa herufi nene, si kweli kwamba mashine hii haina waya. Betri yake inaishi kwa umeme, na umeme mtaani kwetu haupo, ndiyo sababu tuliambiwa tuinunue. Frère Nicolas hakugusa jambo hili hata kwa mstari mmoja. Chaja imechomekwa Shituru, nyumbani kwa shemeji yangu Floribert, kaka wa mke wangu, ambaye bado ni mfanyakazi na anakaa katika nyumba ya Kampuni yenye soketi nzima kila chumba. Hivyo mashine yangu ina waya mrefu kuliko mashine zote za Likasi. Unaanza ukutani Shituru, unakuja kwa mguu barabarani, unapita sokoni, unaingia kwangu Kikula. Na waya huo, Ndugu Mhariri, ni Marceline, mke wangu wa ndoa.

4. Lalamiko la nne nimelifuta. Marceline alikuja nyumbani Jumatano kuchukua kitambaa chake, akalisoma.

5. Tano. Utaniuliza kwa nini nisiipeleke betri mimi mwenyewe, mwanamume mwenye miguu na pensheni. Nakujibu kwamba katika nyumba ile yupo mama mkwe wangu. Jina lake siliandiki, na si kwa kusahau. Sisi watu wa Kasai mwanamume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa kuepukana. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaongei, na mkwe haingii katika nyumba alimo mpaka atoe mbuzi wa kuondoa aibu. Hakuna ugomvi hapo, ni heshima tu, na mimi naipenda desturi hii maana imenisaidia mara nyingi. Miaka yote ya ndoa yangu mama alikaa kijijini kwao, kwa hiyo mbuzi angeweza kungoja. Mwaka jana alishuka na treni akaja kukaa kwa Floribert. Nikaanza kuweka akiba ya mbuzi, kidogo kidogo, kwa uaminifu.

Akiba ilitimia wiki ya Pasaka. Wiki hiyohiyo likatoka gazeti lako.

Unaona sasa ulichonifanyia. Mbuzi aliyekuwa anifungulie mlango ule amegeuka mashine, na kinachoilisha mashine kimefungiwa ndani ya mlango uleule. Nimejaribu kulielezea jambo hili kwa watu wenye akili, na wote wamelazimika kukaa chini kwanza. Damas alicheka mpaka akajichoma sindano.

6. Sita, muda. Kitabu cha mashine kinasema betri ijae usiku mzima na mchana wake. Nilikubali, nikasema usiku mmoja bila mke si kifo. Lakini mama mkwe alikichukua kitabu kile, ambacho kimeandikwa kwa Kiingereza na hakijui, akakiongezea sheria zake. Betri iliyojaa isibebwe ikiwa ya moto, mtoto wake asije akaungua. Isibebwe mvua ikitanda. Isibebwe Jumapili. Isibebwe siku ambayo Marceline ana uchovu, na Marceline akifika kwa mama yake huwa ana uchovu. Mwanzoni alikuwa akilala usiku mmoja, sasa namwona kama mgeni. Nikimkosa sana naenda Shituru, nasimama ng'ambo ya barabara, nimeupa ua wa Floribert mgongo kwa heshima, nakohoa. Marceline anatoka na sahani mkononi, ananiambia kwamba bado haijajaa: "Stani, betri haiyayala. Miye siwezi rudia na kitu nusu." Halafu anarudi ndani, na nawasikia wanacheka.

Nilipokuwa nakohoa mara ya mwisho, jirani wa Floribert aliniletea dawa ya kifua.

7. Saba. Niseme wazi. Sipiki vizuri. Bukari yangu ya unga wa mahindi inatoka na mabonge, sombe ya majani ya muhogo nimeiunguza, na rafu iliyotakiwa kubeba sahani haipo, kwa hiyo sahani ziko sakafuni, na mimi niko karibu nazo. Tulipohama kambi ya Kampuni, Marceline alinipigia hesabu ya furaha yetu ya uzee: nyumba yetu, ukuta wetu, sahani zake za harusi zikiwa juu ambapo kila mtu anaziona. Nilinunua mashine ile kwa ajili ya sahani zake. Sasa sahani ninazo na yeye sina. Nyumba niliyoijenga ina vyumba vitatu, na bila yeye yote ni vikubwa mno. Namtaka arudi, betri ijae au isijae.

8. Nane, ambayo ndiyo hitimisho la yote yaliyotangulia. Frère Nicolas ni mtawa. Hana mke, na kwa hiyo hana mama mkwe. Alishauri umma wa Likasi juu ya chombo ambacho hakiwezi kufanya kazi bila mama mkwe, naye hajawahi kuwa naye hata mmoja. Ni sawa na mimi kuandika makala juu ya kuongoza ibada ya upadrisho.

Kwa sababu hizo naomba, kwa unyenyekevu:

Gazeti litoe masahihisho, ukurasa wa kwanza, likisema kwamba mashine isiyo na waya isiuzwe kwa mwanamume yeyote ambaye soketi iliyo karibu naye iko ukweni. Kabla ya kulipia, mnunuzi aulizwe na muuzaji: je, mbuzi umeshatoa?

Frère Nicolas, akiwa mtu huru asiye na aibu ya ukwe mahali popote duniani, apewe kazi ya kubeba betri yangu kati ya Shituru na Kikula, kwa baiskeli ya parokia, mvua ikiwepo au isiwepo.

Na kama hilo haliwezekani, mashine yenyewe ipelekwe gereza la Buluo na ifungwe pamoja na wezi wengine. Nitakwenda kutoa ushahidi. Chaja isamehewe, kwa kuwa ilifuata amri.

Sitaki fidia ya mtumbwi, hilo ni la Damas na kaka yake. Sitaki pia kuonekana mpinzani wa maendeleo. Napenda maendeleo, ila nayapenda yakiwa na waya, tena mfupi, unaoishia ndani ya nyumba ambayo mke wangu anaishi.

Naomba unisalimie Padre, katekista, masista wa zahanati, walimu wote wawili wa kwaya ingawa hawasalimiani, na Mama Angèle ukimwona, umwambie mwiko wake bado uko kwangu. Frère Nicolas naye umsalimie, lakini kwa sauti ya chini.

Ni mimi mkristo mwenzako, ninayekula sakafuni,

Stanislas Kapajika

N.B. Barua hii ililala mezani siku kadhaa nikitafuta bahasha, na katika siku hizo yametokea mambo. Floribert alinijia akiwa na ujumbe kutoka kwa mama yake. Alisema mama ameshachoka kusikia mtu akikohoa barabarani. Aliagiza nije na mashine, betri imejaa tangu muda mrefu, nimtundikie fimbo ya pazia katikati ya sebule, yeye akikaa upande wa pili wa pazia nami upande huu, hakuna atakayekuwa amemwona mwenzake. Mbuzi, alisema, bado anamngoja, na nisifikiri kwamba pazia ni mbuzi.

Nilikwenda nimevaa tai. Mama alikuwa jikoni nje wakati wa kazi. Ukuta wa Kampuni ni laini sana, Ndugu Mhariri, mashine iliingia bila kunung'unika, matundu mawili kamili, fimbo ikakaa, Marceline akapachika pazia lenye maua. Kisha nikasikia mtu anaingia kwa mlango wa nyuma na kiti kinalia. Nikaletewa bukari na samaki upande wangu. Marceline alikuwa katikati, anapeleka maneno huku na huku, mpaka Floribert alipomwita nje ashike kuku. Tukabaki wawili na pazia. Nilikaa na tonge mkononi, sikuthubutu hata kutafuna.

Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe mtoto wake, nikaisikia sauti ya mama mkwe wangu ikinijia mimi mwenyewe. Ilisema: "Mukwe, weye njo unakulaka paka kidogo hivi?" Kwake nilikuwa nakula kidogo tu. Nilimaliza sahani. Ikaja nyingine kwa chini ya pazia, nikaimaliza hiyo pia, na machozi yalinitoka, naandika kama yalivyotoka. Marceline alirudi nami nyumbani jioni ileile, na rafu ya sahani tumeianza kwa kuli­malizia lile tundu la nusu.

Kwa hiyo usiichapishe barua hii. Badala yake mwulize Frère Nicolas kama kuna msumeno wa bei nafuu, usio na waya, unaotumia betri ya aina hii yangu, maana mama anataka kabati. Betri imekwisha tena. Jumamosi tunaipeleka Shituru kuijaza, mimi na Marceline, na tutalala huko.