Sauti ya Mama na Mashine ya Uwanja wa Ndege

Maskati, Jumapili, 4 Julai 2004 (Mfunguo Nane, 1425)

Kwa jina la Mola mwenye kusitiri waja Wake, na rehema zimfikie Mtume na aali zake. Amani kwa atakayezifungua kurasa hizi, nikiwa hai au nimeshatangulia.

Dada yangu Mahbuba amepiga simu kutoka Unguja. Anaumwa. Moyo, wasema madaktari. Hakulalamika. Alisema neno moja tu: "Zahor, sura ya mama nnaiona. Sauti imenipotea."

Mama tulimzika huku. Mahbuba hakuwahi kufika. Sauti ninayo mimi: niliirikodi jikoni kwetu Wadi Kabir, Ramadhani ya mwaka 1991, kinu kikigonga kwa mbali. Binti yangu Radhia aliihamishia kwenye laptopu yake kabla kanda haijakatika. Leo alitaka kunitilia kwenye sidii. Nikakataa. Kanda ikinakiliwa hufifia. Hayo tuliyajua zamani. Nitaichukua laptopu yenyewe. Nasafiri kwenda kwake Alhamisi, inshallah.

Jumanne, 6 Julai

Baada ya laasiri, barazani kwa jirani yangu Marhoon. Kahawa, tende, majivuno. Tangu arudi kutoka Bombay hana mazungumzo ila viwanja vya ndege. Akanihakikishia kwamba mashine ya kukagulia mizigo hufuta sauti. Kanda ya harusi yake iliingia mashineni nzima, ikatoka bubu.

Mkewe, Masouda, alipoleta kahawa nyengine akasema, bila ya kuinua macho, kwamba kanda ile Marhoon mwenyewe aliirikodia mpira juu yake. Marhoon akaanza kuzungumzia joto. Mimi sikuyumba. Masouda hajapanda ndege, atajuaje?

Nimeazimia hila ya halali. Nimenunua msokoto wa karatasi ya fedha, ile wafungiayo samaki wa kuchoma. Tabaka juu ya tabaka. Juu yake kanga. Kisha begini, katikati ya makopo mawili ya halua. Nani atokaye Maskati kwenda Unguja bila halua? Askari hatoshuku.

Radhia akaniuliza, kwa adabu zake, kama kitu kisichoonekana ndani hakitawatia askari wasiwasi zaidi. Nilimwambia kwamba yeye anafanya kazi wizarani, lakini baba ni mimi.

Alhamisi, 8 Julai

Uwanja wa ndege wa Seeb. Nimefedheheka.

Begi liliingia mashineni. Mkanda ukasimama. Askari wakakusanyika, wakainamia kioo: madonge mawili mazito, na baina yao mraba mweusi usioonesha kitu. Nikawekwa kando. Abiria nyuma yangu wakaguna. Bwana mmoja akauliza kwa sauti kama mzee huyu anahama na jiko lake.

Askari wa kike, jina lake Fajr kwa kibao cha kifuani, akaanza kufungua. Kanga. Karatasi. Karatasi. Karatasi tena. Nilimsihi kwa Kiarabu aikague kwa mikono. Akanijibu kwa Kiswahili cha Unguja kitupu, cha mtoto aliyelelewa na bibi.

"Babu, humu mna nini hata umekivisha sanda?"

"Mna mama yangu."

Nikamweleza yote: Mahbuba, kanda, kanda ya Marhoon. Akauma mdomo asicheke, akashindwa.

"Babu wangu, mashine inatazama tu. Haisikii."

Akaiweka laptopu kwenye sinia la plastiki, tupu kama ilivyozaliwa, akaisukuma ndani. Nilisoma Ayatul-Kursiyu mpaka ikatoka upande wa pili. Akaniamuru niiwashe. Niliiwasha, lakini sauti sikuithubutu. Nilichelea kuujua msiba nikiwa bado Maskati.

Unguja, Jumamosi, 10 Julai

Mahbuba yuko kitandani, nyumba ile ile tuliyokulia, mtaa wa Malindi. Mikono imebaki mifupa. Nilifungua laptopu, nikabonyeza.

Kimya. Nilimlaani shetani na mashine zake.

Kisha kinu. Kisha mama. Nilikuwa nimesahau alichokisema. Hakusoma kasida, wala hakuomba dua. Alikuwa akinikemea mimi, mtu mzima mwenye ndevu zangu:

"Zahor, weka chini hiyo rikoda, nakuona. Kila siku hila, na hila zenyewe hazifiki popote. Njoo unikunie nazi."

Mahbuba alicheka mpaka akakohoa, kisha akalia, kisha akataka tena. "Ndiye," akasema. "Ndiye hasa." Tukasikiliza mpaka adhuhuri. Nilihisi harufu ya tui, na moshi wa jiko ambalo halipo tena.

Imesalimika. Sababu ni dhahiri: karatasi ya fedha ilikaa na laptopu siku mbili, ikaiachia kinga yake. Fajr ni mtoto mwema, ila mashine hazijui.

Mahbuba anaomba abaki na sauti. Jirani yake ana duka la sidii. Nimekataa, nakala hufifia. Nimemwachia laptopu yenyewe.

Limebaki la Radhia, mwenye mali. Nalo nimelitengeneza. Mahbuba amenipa kibao cha mama cha kukunia nazi, kile chenye meno ya chuma. Kikikunjwa, ukubwa wake sawasawa na laptopu. Kitaingia ndani ya begi lile lile, nitakipakata mwenyewe ndegeni, na Radhia hatatambua mpaka alifungue. Nimekwisha kukifunga kwa karatasi ya fedha. Tabaka nene, askari wasikione.

Ewe msomaji, Mola akuhifadhi wewe na wa nyumbani kwako, na azidumishe masikioni mwako sauti za uwapendao. Amin.